Sahani Zilizorudi Kibandani

Uliza mtu yeyote wa mtaa wetu hapa Kitale kuhusu yule mama wa kibanda, atakuambia alikuwa mtu mzuri. Wote watakuambia hivyo, hata wale aliowahi kuwafukuza na mwiko. Mimi pia nasema alikuwa mzuri. Lakini nikilisema hilo neno meno yangu yanashikana, kwa sababu angekuwa mbaya ningeshamsahau.

Jina lake nalijua na siliandiki. Alizaliwa wapi na wazee wake walitoka wapi, hayo sikuwahi kuyajua vizuri. Kuna waliosema ni Mnubi, kuna waliosema ni wa pwani, na yeye akiulizwa alijibu, "Mimi natoka jikoni." Kibanda chake cha mabati kilikuwa nyuma ya msikiti, mkabala na lango la nyuma la chuo. Wanafunzi walimwita Mathe. Mimi nilimwita Mama, kwa sababu nilipomaliza kidato cha nne na hakuna mtu aliyekuwa na mpango na mimi, ni yeye alinipa aproni akaniambia nianze na vitunguu.

Nilikaa kwake miaka minne. Nilikata vitunguu, nilisukuma chapati, nilisonga ugali wa kulisha watu arobaini. Kazi moja tu alinikataza. Sahani zikirudi, sikuruhusiwa kuzikwangua. Alizikwangua mwenyewe, moja moja, na kijiko cha zamani kilichokuwa kimelika upande mmoja. Nilifikiri ni ubahili, ati hataki nitupe nyama. Siku moja nilichukua sahani kwenye meza nikaanza kukwangua, akanipiga kwenye mkono.

"Hiyo ni barua yangu," akasema. "Barua ya mtu unaifungua wewe kama nani?"

Na kweli alizisoma. Sahani ikirudi na mchuzi umekauka pembeni na ugali haujaguswa, alisema, "Huyu amepigiwa simu na nyumbani." Mtu akila nyama zote kwanza akaacha madondo, yale maharagwe: "Huyu ni mtoto wa kwanza, amezoea kugawa, leo amepata mwenyewe." Dereva mmoja wa malori ya mahindi kutoka Moi's Bridge alikuwa mteja wa kila siku, na siku moja akarudisha nusu ya matumbo. Mama aliangalia ile sahani muda mrefu, akatoka nje na upawa mkononi, akamwambia, "Baba, nenda ukapimwe." Dereva akacheka. Baada ya wiki mbili alirudi na mfuko wa dawa za vidonda vya tumbo na mkungu wa ndizi wa kushukuru.

Mimba yangu aliiona kwenye sahani kabla mimi sijaijua. Nilikuwa nimeacha mafuta yote ya supu yameganda kama nta, nimekula ndimu na maganda yake. Aliniletea kiti. Hakusema kitu mpaka wateja wa mchana wameisha. Halafu akauliza, "Anajua, huyo kijana?" Nikasema, "Anajua nini?" Akanipiga kofi la mgongo, la upole, akasema, "Basi mko wawili msiojua."

Nayasema haya ili uelewe kwa nini nilikuja kumchukia. Mtu ambaye haoni, unamsamehe. Huyu alikuwa anaona.

Mdomo wake ulikuwa wa pande mbili. Asubuhi msichana mwembamba akiagiza chai ya rangi na mandazi moja, alimwambia, "Mwanangu, kula. Mwanaume haoi mfupa, mfupa ni wa mbwa." Saa sita mchana huyohuyo Mama alimwambia msichana mwingine, mnene kidogo, "Wewe chapo moja inatosha, mlango wangu ni mdogo." Watu walicheka. Msichana naye alicheka, utafanya nini? Mama mwenyewe alikuwa mkubwa, akipita kati ya meza wateja walivuta viti. Nilimwambia siku moja, "Mama, hayo maneno yanauma." Akashangaa kabisa. "Si ni mzaha? Mimi si nimejaa kuliko wote?" Alifikiri kwa sababu yeye ni mnene, ana ruhusa.

Na katika miaka minne sijawahi kumwona akikaa chini na sahani. Alikula amesimama, amegeukia mabati, haraka, kama mtu anayeficha kitu. Ukimkuta alifuta mdomo na leso na kusema, "Nilikuwa naonja." Alisema mwanamke wa biashara hali mbele ya wateja. Ati wateja watafikiri anakula chao. Alilisha chuo kizima, na yeye alikula kama mwizi. Sikuliona hilo kuwa jambo la ajabu. Mama yangu kule Sirisia hula mwisho, jikoni, kwenye sufuria, na nyanya yangu vilevile. Ni vitu unalelewa navyo mpaka huvioni.

Mambo ya dini alikuwa nayo makini. Mwezi wa Ramadhani alipika kutwa bila kugusa chakula na mdomo, kwa hivyo mimi nilikuwa ulimi wake. "Onja chumvi," aliniambia mbele ya kila sufuria. "Onja pilipili. Inatosha? Usinidanganye, mimi na wewe tutaulizwa." Mwaka wa mimba yangu nilimwambia nataka kufunga naye, hata siku mbili tu, za kumpa moyo. Kidogo anitupie unga.

"Mwenye mimba hafungi! Mgonjwa hafungi! Anayenyonyesha hafungi! Nani alikuambia Mungu anataka mtoto wako akae na njaa?" Akapoa, akanikalisha. "Mfungo una mlango wa kuingia na mlango wa kutoka, Mama Shantel." Mtoto hakuwa amezaliwa, lakini jina alikuwa ameshampa. "Ukiona mtu ameingia na hatoki, huo si mfungo."

Lakini dini ya mtu mwingine hakuigusa. Hapo hakuwa na mzaha hata kidogo. Wanafunzi wa maombi waliruhusiwa kuimba kibandani kwake Ijumaa jioni mvua ikinyesha. Mlokole akianza kumhubiria, alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia asante, akamwongeza sukuma wiki. "Kila mtu na Mungu wake," alisema. "Mimi nikiingia kwa dini ya mtu, ni kama nimeingia chumbani kwake bila kubisha." Nilimpenda kwa hilo. Siku hizi nikikumbuka yale maneno nataka kuvunja kitu.

Sasa niseme kuhusu Naliaka.

Naliaka alikuwa mdogo wangu, wa mwisho kwetu. Alikuja Kitale kusomea ualimu wa watoto wadogo, na karo ilichangwa na ukoo mzima, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaharibu ya kwangu, ndivyo walivyosema. Alikuja akiwa msichana wa Sirisia: miguu ya kupanda milima, mashavu, sauti ya kuita ng'ombe. Nilimleta kibandani siku ya kwanza. Mama alimpakulia chapati tatu na madondo akamaliza, akaomba supu. Sahani ilirudi safi hata paka hangepata kitu. Mama aliiinua juu kama cheti. "Huyu ndiye mtu!" alisema. "Huyu aje kila siku."

Likizo ya kwanza tulienda nyumbani pamoja. Kwetu mtu akirudi, wamama wanamshika mkono hapa juu, wanaufinya. "Umenona! Chuo kinakupenda!" Hiyo ni sifa. Ni kusema hatukukupeleka kuteseka. Walimfinya Naliaka kutoka kwa barabara mpaka kwa mlango. Jioni nikamkuta kwa kitanda cha mama yetu amelala na viatu.

"Dada, kila mtu ananiambia nimenona."

"Si ni vizuri?"

"Ni vizuri kwao."

Mimi nilikuwa nanyonyesha, nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na wivu, wacha niseme ukweli. Nikamwambia, "Lakini bana umejaa kweli. Hiyo sketi inaomba msaada." Nikacheka. Akacheka.

Nilichokuwa sijui ni kilichokuwa kwa simu yake. Nilikikuta baadaye, wakati simu ilikuwa yangu. Darasa lao lilikuwa limetembezwa, wakapiga picha, mlima Elgon nyuma yao. Naliaka alikuwa katikati, anacheka, mikono imefunguka. Kijana mmoja akaandika kwenye kundi lao la simu: "Nani ameegesha lori ya mahindi mbele ya mlima?" Watu walituma vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Nilihesabu mpaka nikachoka. Cha tano kutoka juu kilitoka kwa Naliaka mwenyewe.

Chumba cha hosteli walikuwa wanne. Wale wengine sio wabaya, nimeongea nao, wamelia mbele yangu. Walikuwa na mchezo wao: kila asubuhi kila mmoja anasimama mbele ya kioo kwa zamu, wengine wanasema ukweli. Ndivyo walivyouita, ukweli. Nywele, ngozi, tumbo. Walifikiri ni kusaidiana. Mmoja aliniambia, "Lakini hata sisi tulikuwa tunaambiwa, sio yeye peke yake." Nikamwambia najua. Hiyo ndiyo inanikasirisha zaidi. Sina mtu mmoja wa kushika shati.

Muhula wa pili Naliaka alijiunga na kundi la maombi. Walifunga siku tatu kwa ajili ya mitihani. Halafu siku saba. Halafu akaanza wake peke yake. Akipewa chakula anasema amefunga, na hapo unyamaze, kwa sababu wewe ni nani kumrudisha mtu kutoka kwa Mungu? Kwetu mtoto akisema hana hamu ya kula, atachunguzwa mpaka kinyesi, atapewa dawa ya minyoo, ataitiwa nyanya. Akisema amefunga, mnatoka chumbani kwa ncha za vidole.

Tuna senge hapa Kitale, dada ya baba yetu, kiongozi wa wamama kanisani. Yeye alimsimamisha Naliaka mbele ya watu Jumapili. Senge yangu hajawahi kupatana na herufi l, na akifurahi inakuwa mbaya zaidi. "Muangarieni huyu mtoto!" alisema. "Wenzake wanatafuta wanaume, yeye anatafuta uso wa Bwana! Haya mabega mnayaona? Huu ni mwiri uriosurubiwa!" Watu wakapiga makofi. Nilikuwa safu ya tatu, Shantel mgongoni. Nilipiga makofi mpaka mtoto akaamka akaanza kulia.

Kwa hivyo kila mtu alikuwa na furaha. Hosteli ilisema amependeza. Kanisa lilisema amebarikiwa. Yule kijana wa lori ya mahindi akaanza kumtumia maua ya simu. Mwanafunzi akipungua kwa sababu ya njaa nyumbani, chuo kinachanga. Naliaka alipungua na akapata marafiki.

Mwaka ule mimi nilikuwa nimeacha kazi ya kibanda, nauza mitumba, lakini Naliaka alizoea kwenda kumsaidia Mama wikendi. Ramadhani ikaingia. Mama akamwita, "Njoo uwe ulimi wangu, dada yako ameniacha bubu. Onja chumvi." Naliaka akamwambia, "Mama, na mimi pia nimefunga."

Mama alinisimulia hiyo siku yeye mwenyewe, wakati huo huo, macho yamejaa. Alifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Ati msichana wa kanisa amefunga sambamba naye, Mungu ni mmoja. Walipika wawili, hakuna aliyeonja, chumvi ikazidi, wateja wakalalamika, na Mama akawaambia, "Kuleni hivyohivyo, leo ni chumvi ya thawabu." Jua likizama alimpa Naliaka tende kwenye karatasi na uji wa kikombe. Naliaka alichukua tende, akasema uji atakunywa baadaye, tende atafungulia hosteli na wenzake wa maombi. Mama alimwekea hizo tende kila siku aliyokuja.

Ramadhani ikaisha. Idi ikapita. Naliaka aliendelea.

Alianguka asubuhi, jua limetoka vizuri, kwenye foleni ya kusajili mtihani. Alikuwa ameshika kitambulisho. Aliyekuwa nyuma yake alifikiri ameinama kufunga kamba ya kiatu. Daktari aliniambia chumvi za mwili zilikuwa zimeisha na moyo ulikuwa umechoka kwa muda mrefu. Aliniuliza, "Alikuwa anakula?" Nikamwambia, "Alikuwa anafunga." Akaniangalia tu. Alikuwa daktari kijana, nadhani wa umri wangu. Akasema, "Tangu lini?" Dada yangu wa damu, tunaishi mji mmoja, na sikujua.

Tulimzika Sirisia. Mhubiri alisema alifunga mpaka Bwana akamwita mezani kwake. Nilisimama nikatoka, kwa sababu ningebaki ningemrushia kiti.

Nyuma ya nyumba nikamkuta Mama wa kibanda. Alikuwa amekuja tangu alfajiri na sufuria zake mbili kubwa, anapakulia waombolezaji, jasho linamtiririka. Watu walikuwa kwenye foleni na sahani. Aliponiona aliacha kila kitu akafungua mikono. Nikamwambia kwa sauti, mbele ya foleni yote:

"Wewe unayesoma sahani za watu. Ya Naliaka hukuisoma?"

Mama aliangalia upawa wake. Alisema polepole, "Yake haikurudi. Haikuwa inatoka jikoni."

"Na hiyo hukuiona?"

Aliweka upawa juu ya kifuniko, akafunga leso yake vizuri, akatembea mpaka barabarani. Sufuria aliziacha. Jirani alimaliza kupakua. Miezi michache baadaye nilisikia kibanda kimefungwa, ameenda Bungoma kwa binti yake. Sikuuliza. Nilisema moyoni, huyo alijua na akanyamaza ili asiharibu urafiki wa Mungu na watu. Nilimbebesha yote. Nilihitaji mtu mmoja, nikapata.

Miaka miwili ikapita. Mwaka huu kikundi chetu cha wamama kilipelekwa Mabanga, kile kituo cha wakulima, siku tatu za mafunzo ya kuku. Siku ya mwisho walituacha Bungoma mjini tununue vitu. Nikapita karibu na msikiti. Kwenye duka la leso mwanamke akaniita, "Wewe si Mama Shantel?" Alikuwa binti ya Mama. Ana macho yaleyale. Akasema, "Ingia nyuma umsalimie. Anakutaja."

Nataka niseme nilienda kwa upendo, lakini nilienda kumaliza maneno yangu. Nilikuwa nimeyapanga miaka miwili.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, shuka mpaka kiunoni. Ilikuwa saa tisa na nusu hivi mchana. Sikumtambua. Nilifikiri ni mtu mwingine, dada yake mkubwa labda. Halafu akasema, "Mama Shantel. Kumbe umekuja," na sauti ilikuwa yake.

Sikumpa mkono. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nataka kujua kitu kimoja," nikamwambia. "Ulijua au hukujua?"

Hakujifanya haelewi. Alisema, "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ya tatu baada ya Idi. Nilivuta pipa la maji nisafishe chini. Nikakuta karatasi zangu. Tende zote, mwanangu. Zote. Siafu wamejenga njia."

Nilitaka kusimama. Nikabaki juu ya ndoo.

"Na ukanyamaza."

"Sikunyamaza." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei. "Jumatano nilifunga kibanda mchana. Nilienda kanisa la senge yako. Siku ya maombi ya wamama. Nilisimama nje na buibui yangu, watoto wananiangalia. Senge yako akatoka. Nikamwambia, mama, yule mtoto hafungi, anakufa. Sisi tunafunga tangu utoto, mfungo tunaujua, ule sio."

"Akasema nini?"

"Alinishika mkono vizuri sana. Akaniambia," na hapo Mama akamwiga senge bila kutaka, herufi zote mahali pake pabaya, "'Rakini mama, mambo ya Roho mtu wa nje hawezi kuerewa.' Akaniombea. Mkono wake kwa kichwa changu. Nikasimama pale nikaombewa. Nikaitikia amina."

Binti yake aliingia na chai, akaona nyuso zetu, akaiweka chini akatoka.

"Ungekuja kwangu!" nilimwambia. Nilikuwa napiga kelele sasa, dukani walinisikia. "Senge ni nani? Mimi ni dada yake! Ungekuja kwangu mimi!"

Mama alikuwa anachagua, niliona anachagua, kama aniambie au aniachie. Laiti angeniachia.

"Nilikuja," akasema.

"Wapi?"

"Kwako. Jumatano hiyohiyo, kutoka kanisani. Ulikuwa unaanika nguo za mtoto. Umefurahi kuniona, ukanipa kiti, ukaniwekea chai. Kabla sijafungua mdomo ukaniambia, 'Mama, umeona vile Naliaka amependeza siku hizi? Natamani na mimi nikue vile.' Ukajishika hapa," akashika upande wa tumbo lake, "ukaniambia, 'Mimi hii ya Shantel imekataa kutoka.' Ulikuwa na furaha, Mama Shantel. Sijui. Nilikunywa chai. Nikasema, dada yake anamwona kila wiki na anasema amependeza. Senge yake anasema ni Roho. Mimi ni muuza chakula, na ni wa dini nyingine. Labda ni mimi ambaye macho yameharibika. Nikaenda."

Nilikumbuka. Ile siku ilirudi yote: kamba ya nguo, pumba za mahindi zinapeperuka kutoka kwa kinu cha jirani, yeye amekaa kwenye kiti cha plastiki na buibui yake nyeusi ya kutoka, na mimi nikishangaa kwa nini amevaa hivyo siku ya kazi. Alikunywa chai hakumaliza. Niliposema lile neno aliniangalia usoni, halafu akaangalia nguo za Shantel kwenye kamba. Akasema, "Mtoto anakua haraka." Nilifikiri ndilo lililomleta.

Maneno yangu ya miaka miwili yakaisha. Sikumwambia pole, na yeye hakuniambia. Tulikaa. Sauti ya dukani ilikuja na kwenda, mtu anabishana juu ya rangi ya leso. Kuna hasira ambayo ukiibeba muda mrefu unaujua uzito wake, na siku ukiambiwa ni yako mwenyewe, hujui uiweke wapi. Bado nimekasirika. Nimekasirikia kile kioo cha hosteli, lile lori, yale makofi. Lakini sasa nikifika mwisho wa orodha najikuta nimesimama pale na pini za nguo mdomoni.

Adhana ya alasiri ikaanza. Ilikuwa karibu sana, mabati yalitetemeka. Mama akasukuma shuka pembeni na kuninyooshea mkono.

"Nisaidie kuinuka. Binti yangu yuko na wateja."

Nikamshika chini ya kwapa nikajitayarisha, nikakaza miguu, nikijua ule mwili. Akaja juu kama kikapu kitupu. Nilikuwa nimetumia nguvu nyingi hata tukayumba wote wawili nikamkumbatia asianguke. Gauni lilikuwa linamzunguka. Mifupa ya mgongo niliihisi kwa vidole, moja baada ya nyingine.

Nilijua la kusema. Ulimi wangu ulishalianza, ndilo tunalosema wote: umepungua, Mama, umependeza, siri ni gani? Nikalimeza. Nilimshikilia palepale, adhana inaendelea.

"Mama," nikamuuliza, "unakula?"

Aliangalia mlangoni kwanza, kuona kama binti yake anasikia. Halafu akatikisa kichwa: hapana.